Mdoli wa kompyuta, miwani ya uhalisia pepe au kuruta aliyepakwa damu ya rangi: kipi kimfae tabibu wa jeshi huku Kusini?

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya yule anayeambiwa Jumatatu kwamba kuna fungu dogo la mafunzo ya tiba, na kufikia Ijumaa awe ameleta orodha ya vifaa. Anaweza kuwa mganga wa kikosi, mkufunzi wa chuo, au muuguzi aliyeombwa kuwafundisha vijana wa JKT huduma ya kwanza. Akiperuzi mtandaoni atakuta midoli inayotoka jasho na machozi, miwani inayompeleka mtu vitani akiwa amekaa kwenye kiti, na bei ambazo hazitajwi mpaka upige simu. Mimi nafundisha huduma za dharura hapa Mtwara, na askari ni miongoni mwa wanafunzi wangu. Nina upande ninaouegemea na utaujua mapema.

Kazi yenyewe ni ipi

Kabla ya kulinganisha vifaa, tujue tunataka mikono ya nani ifanye nini. Mwaka 1996 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha mwongozo wa kuhudumia majeruhi wa vitani ambao leo umesambaa majeshi mengi duniani. Ulianza kwa kusema kwamba utaratibu wa chumba cha dharura haufai kuhamishiwa medani kama ulivyo. Risasi zikiwa bado zinapita, tabibu hafungui dripu wala hasikilizi mapafu. Anafunga tonikweti, ule mkanda wa kubana mkono au mguu unaovuja damu, kisha anamvuta mwenzake mafichoni. Mengine yanafuata baadaye kwa mpangilio: damu nyingi kwanza, kisha njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, na kumkinga majeruhi na baridi.

Sababu ya damu kutangulia iko kwenye takwimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichambua vifo 4,596 vya askari wa Marekani kati ya 2001 na 2011. Takriban 87 kati ya kila 100 walikufa kabla ya kufikishwa kwenye kituo cha tiba. Robo hivi ya hao walihesabiwa kuwa na majeraha ambayo pengine wangepona, na katika kundi hilo wapatao 9 kati ya 10 waliondoka kwa kuvuja damu. Kwa maneno mengine, kifo kinachozuilika kinazuiliwa na mtu aliyeko palepale, mwenye mkanda mfukoni, na aliyezoea kuufunga.

Umoja wa Mataifa nao una kipimo chake kwa walinda amani, kinachoitwa 10-1-2: dakika 10 za mwanzo majeruhi awe amezuiwa damu na kufunguliwa njia ya hewa, ndani ya saa 1 awe mikononi mwa wataalamu wa dharura, ndani ya saa 2 awe kwenye upasuaji. Kwetu hili si nadharia. JWTZ imepeleka walinda amani Kongo, na shambulio la Semuliki la tarehe 7 Desemba 2017 liliua askari wetu wasiopungua 14 na kujeruhi makumi. Huku mpakani pia kumewahi kuungua: kijiji cha Kitaya kilivamiwa Oktoba 2020. Na wazee wa Mtwara wanakumbuka zamani zaidi, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipokuwa na hospitali yao hapa mjini na majeruhi wakivushwa Ruvuma kutoka Cabo Delgado, huku wapiganaji wakifunzwa Nachingwea.

Kwa hiyo ninapolinganisha vifaa nauliza mambo manne. Je, mwanafunzi atarudia kitendo mara ngapi kabla fedha haijaisha? Atajifunza akiwa na hofu na kelele, au ndani ya kiyoyozi? Atajifunza kukaa na majeruhi kwa saa nyingi? Na kifaa kikiharibika Mtwara, nani anakitengeneza?

Mdoli wa kawaida na mdoli wa kompyuta

Mdoli wa kawaida una historia nzuri. Mwaka 1960 Åsmund Lærdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto kutoka Stavanger, Norway, alitoa mdoli wa mpira wa kufundishia kupuliza hewa mdomoni. Uso wake ulitokana na kinyago cha msichana asiyejulikana ambaye inasimuliwa kwamba maiti yake iliokotwa mto Seine, Paris. Miaka ileile ya sitini, Chuo Kikuu cha Southern California kikaunda Sim One, mdoli ulioongozwa na kompyuta, kwa ajili ya kufundisha wataalamu wa usingizi. Mikondo hiyo miwili imeendelea mpaka leo: upande mmoja mpira mtupu, upande mwingine mashine inayopumua, yenye mapigo shingoni na mkononi, mboni zinazosinyaa kwa mwanga, na kifua unachoweza kukichoma sindano ukasikia hewa ikitoka.

Nimefundishia vyote viwili. Mdoli wa kompyuta ukifanya kazi ni kitu cha ajabu. Ukikosea dozi, shinikizo la damu linashuka kwenye skrini na kila mtu chumbani anakaa kimya. Kwa timu ya hospitali ya jeshi yenye daktari wa usingizi, mpasuaji na wauguzi wa chumba cha upasuaji, hakuna mbadala wa karibu, kwa sababu wao wanajifunza kupokezana maneno na maamuzi juu ya mwili unaobadilika dakika kwa dakika. Kama andiko lako ni la hospitali kubwa ya rufaa ya jeshi au chuo cha tiba cha Lugalo, soma sehemu hii kwa moyo mweupe.

Lakini tabibu wa kikosi huku si huyo. Na bei ni makumi ya maelfu ya dola kwa mdoli mmoja, kabla hujaongeza mkataba wa matengenezo, ngozi za akiba, kompresa ya hewa na mtu wa kuiendesha kompyuta. Unyevunyevu wa pwani yetu hauna huruma na viungio vya chuma wala nyaya. Mchanga wa Msimbati ukiingia kwenye vali, fundi anatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kama hatoki Nairobi. Matokeo nimeyaona kwa macho mahali ambapo sitapataja: mdoli wa gharama umelazwa kwenye kabati, umefunikwa shuka safi, na ufunguo anao mtu mmoja ambaye yuko likizo. Wanafunzi wanaonyeshwa siku ya wageni.

Ushahidi wa kwamba ughali hauamui unapatikana hapahapa nchini, ingawa umetoka wodi ya wazazi. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue yalifanyika kwa mdoli mdogo wa mpira unaojazwa maji, kitu rahisi kabisa ambacho wakunga wengi wa Tanzania wanakijua. Utafiti wa mwaka 2013 katika hospitali 8 nchini ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Sehemu inayonivutia zaidi ni ya hospitali ya Haydom. Walipofundisha kwa siku moja, wahudumu waliboreka kwenye mdoli lakini wodini waliendelea na mazoea yao yaleyale. Walipobadilisha utaratibu wakawa na mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini, vifo vikashuka. Mdoli haukubadilika. Ratiba ndiyo ilibadilika.

Mkufunzi wa jeshi anayesoma hilo anapaswa kufurahi, kwa sababu ratiba ni kitu ambacho jeshi linakiweza kuliko hospitali yoyote ya kiraia. Dakika 10 baada ya gwaride la asubuhi, kila askari anajifunga tonikweti mguuni kwa mkono mmoja, tena kwa mkono asioutumia kuandikia. Kesho anamfunga mwenzake akiwa amelala kifudifudi. Keshokutwa gizani. Hapo mdoli mmoja wa kawaida wa kufufulia na mikanda 20 ya mazoezi vinaushinda mdoli wa kompyuta, na chenji inabaki.

Neno moja kuhusu mikanda. Nunua ile ya mazoezi, ambayo kwa aina maarufu huwa na rangi ya buluu, na usiichanganye kamwe na ya kazi. Mkanda uliokazwa mara mia umechoka, na siku ya siku kijiti chake kinaweza kuvunjika. Soko limejaa bandia zinazofanana na halisi kama pacha, kwa hiyo ukiona bei ya kutupa, jua unachonunua.

Miwani ya uhalisia pepe na majeruhi wa kuigiza

Hapa ndipo vijana huchangamka. Miwani ya uhalisia pepe imeshuka bei, nyingine ni mamia machache ya dola, na programu zake zinamweka tabibu katikati ya mlipuko wenye majeruhi kumi. Anachojifunza vizuri ni kuchagua: nani aguswe kwanza, nani asubiri, nani ameshakwenda. Zoezi linarudiwa mara nyingi bila kuchafua nguo wala kumaliza bandeji, na mkufunzi anaona kila uamuzi ulichukua sekunde ngapi. Kwa darasa la uchambuzi wa majeruhi naikubali.

Udhaifu wake uko mikononi. Ndani ya miwani unabonyeza kitufe na tonikweti imefungwa. Katika maisha, kukaza kijiti kile mpaka damu isimame kunauma, kunahitaji nguvu kuliko watu wanavyodhani, na majeruhi anakupiga teke. Mtu aliyezoea kitufe anaishia nusu ya njia, na mkanda uliokazwa nusu unaweza kuongeza kuvuja, maana umezuia damu inayorudi moyoni na kuacha inayotoka. Tena kuna leseni ya programu ya kulipia kila mwaka, maelekezo yote ya Kiingereza, jasho la Novemba linaloziba vioo, na wale wachache wanaopata kizunguzungu na kukaa nje wakishika tumbo. Umeme ukikatika katikati ya somo, mlipuko nao unazimika.

Upande wa pili yuko majeruhi wa kuigiza. Ni askari mwenzao, aliyelala kwenye majani, suruali imechanwa, damu ya rangi inamtoka. Kwangu hiki ndicho chombo bora kwa pesa ndogo, na nitakieleza kwa kirefu kwa kuwa hakuna muuzaji atakayekueleza.

Damu unaipika. Maji, wanga wa mahindi kidogo ili iwe nzito, rangi nyekundu ya chakula na tone la kahawa ili isiwe nyekundu ya sherehe. Usitumie sukari wala sharubati, hata kama video za mtandaoni zinasifia: huku Kusini sisimizi watafika kabla ya tabibu. Chukua mfuko wa dripu mtupu, ujaze, ufunge chini ya kwapa, pitisha mpira wake ndani ya nguo hadi pajani. Majeruhi akiubana mfuko kwa mkono, damu inaruka kwa mapigo. Anaambiwa sheria moja tu: usiache kubana mpaka mkanda ukuume kweli. Hapo mwanafunzi anapata jibu kutoka kwa mwili wa binadamu, papo hapo. Akifunga ovyo damu inaendelea, akifunga sawasawa inakoma, na huhitaji kompyuta kumwambia. Ukishakagua kwamba mapigo ya chini ya mkanda yamepotea, fungua mara moja. Hatumwachi mtu amebanwa kwa ajili ya somo.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi, wakitumia waigizaji waliokwisha kupoteza miguu au mikono, ili askari azoee kuona kigutu halisi kabla ya vita. Inawezekana kwetu pia, kwa malipo ya heshima na kwa ridhaa ya mhusika iliyoombwa faragha, mbali na kadamnasi. Mwalike kama mwalimu. Wengi wana mengi ya kusimulia kuhusu dakika zile ambayo hayamo kitabuni.

Kelele ongeza kwa spika, na moshi kwa majani mabichi. Ila kama zoezi ni karibu na vijiji vya kando ya Ruvuma, mtendaji na mwenyekiti wa kijiji wajue siku kadhaa kabla, na tangazo lipite misikitini na kanisani. Watu waliokimbia na watoto mgongoni mwaka 2020 hawapaswi kusikia milipuko na kuona mtu ametapakaa damu halafu waambiwe baadaye kwamba yalikuwa mazoezi.

Majeruhi wa kuigiza ana mipaka. Huwezi kumchoma sindano ya kifua wala kumtoboa koo. Pia, bila mjadala baada ya zoezi, inabaki kuwa maigizo. Kaa chini nao, uliza tabibu alikuwa anafikiri nini alipomwacha yule wa pili, na umwache majeruhi aseme alichokisikia akiwa amelala pale. Sauti ya kijana mdogo wa cheo akimwambia afande, "ulinisahau," inafundisha kuliko fomu yoyote ya alama. Kwa hiyo mkuu wa mafunzo akubali tangu mwanzo kwamba ndani ya mjadala huo vyeo vimekaa pembeni.

Zoezi ambalo haliuzwi

Wauzaji wote wanauza dakika 10 za kwanza. Shida yetu mara nyingi ni saa zinazofuata. Kutoka vijiji vya mpakani kupanda uwanda wa Makonde, kupita Newala au Masasi hadi meza ya upasuaji ya Ligula au hospitali ya kanda pale Mitengo, ni safari ndefu, na masika hubadilisha barabara kuwa kitu kingine. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam kwa siku kadhaa; aliyekuwa anasubiri rufaa alisubiri. Kipimo cha saa 2 cha Umoja wa Mataifa kimeandikwa kwa hesabu ya helikopta.

Hivyo fanya hivi. Mpakie majeruhi wa kuigiza kwenye Land Cruiser ileile ya kikosi saa kumi na mbili jioni, na tabibu mmoja na mfuko wake wa kawaida. Endesheni barabara halisi. Mkufunzi anakaa mbele akiwa kimya, na kila baada ya muda anakabidhi karatasi yenye hali mpya: mapigo 130, midomo inapauka, anaomba maji. Ndani ya gari linalorukaruka, tochi mdomoni, ndipo tabibu anagundua kwamba hakuandika saa ya kufunga tonikweti, au aliandika kwenye glavu aliyoitupa.

Saa hiyo ina maana kubwa. Kabla ya saa 2 kutimia anatakiwa afikirie kama mkanda unaweza kubadilishwa kwa bandeji ya kukandamiza, ikiwa majeruhi hana mshtuko wa kupungukiwa damu na jeraha linaweza kuangaliwa. Ukishapita saa 6 haufunguliwi njiani. Na ile tabia ya kulegeza kidogokidogo "mguu upumue" inaua. Darasani wote wanajibu sawa. Kwenye gari, saa ya pili na nusu, wanaanza kubishana.

Gari linafundisha na kuhusu baridi. Vijana wa Mtwara hucheka ukiwaambia wamfunike majeruhi blanketi kwenye joto la nyuzi 32. Aliyepoteza damu nyingi mwili wake haujipashi moto, na damu iliyopoa haigandi vizuri, kwa hiyo inavuja zaidi na anapoa zaidi. Baada ya saa moja nyuma ya gari lenye upepo wa jioni, kuruta aliyeloweshwa maji mekundu anaanza kutetemeka mwenyewe, na hakuna anayecheka. Gharama ya zoezi zima ni mafuta.

Nyama ya buchani na mnyama hai

Hili nalipita haraka. Majeshi ya nchi chache, Marekani ikiwa mojawapo, yamekuwa yakitumia mbuzi na nguruwe hai waliopigwa usingizi kufundishia majeraha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta nchi 22 kati ya 28 za NATO hazifanyi hivyo, na tafiti zilizolinganisha njia hii na midoli hazikumpata mshindi wa wazi. Hapa tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Achana nayo.

Buchani ni habari nyingine. Koromeo la mbuzi aliyechinjwa asubuhi ndilo kifaa bora cha kufundishia kutoboa njia ya hewa shingoni, na bei yake haifiki ya soda kadhaa. Lifunike kipande cha ngozi au kitambaa kizito, mwanafunzi atafute kwa kidole ule utando kati ya magegedu mawili, akate, aingize mpira. Mguso ule ambao mdoli wa plastiki unauiga kwa shida, mbuzi anao bure. Mwambie mchinjaji jana yake, maana akizoea ataligawa vipande. Kwa kujaza jeraha, chukua paja, lichimbe shimo refu, pitisha mpira wa dripu wenye maji mekundu kutoka ndani, na umwache mwanafunzi asukumie gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwa vidole mpaka mwisho wa shimo, kisha akandamize kwa dakika zisizopungua 3 bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakowashinda. Nguruwe simtumii hapa kwa kuwa nusu ya darasa haitamgusa, na mbuzi anatosha. Somo liishe kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu ya joto na inzi.

Wodi, na zoezi la kituo kizima

Kuiga kote huku kuna mpinzani wake, naye ni mgonjwa wa kweli. Jeshi la anga la Marekani limekuwa likiwapeleka matabibu wake kwenye hospitali ya majeruhi ya Baltimore tangu 2001, kwa hoja kwamba jiji lenye ajali na risasi linafundisha zaidi ya kambi yenye amani. Sisi tuna bodaboda. Tabibu wa kikosi akikaa zamu za Ijumaa na Jumamosi usiku kwenye chumba cha dharura cha hospitali ya mkoa, chini ya msimamizi, atashika mifupa iliyotokeza, atatafuta mshipa kwa mtu anayepigana, ataona damu halisi inavyonuka. Hasara yake ni kwamba huchagui somo: wiki nzima inaweza kupita bila jeraha la kifua, na mgonjwa si mali ya mkufunzi. Ndiyo maana wodi haiondoi mazoezi ya kuiga. Inakuja baada yake, mikono ikishakuwa na adabu.

Waingereza waliokuwa wanakwenda Afghanistan walikuwa na jambo lingine la kupendeza: huko Strensall, karibu na York, walijenga hospitali nzima ya vita ndani ya bohari, na timu kamili ikapitishwa siku kadhaa za majeruhi wa kuigiza kabla ya kupanda ndege. Kwetu kujenga hivyo ni ndoto, lakini tunaweza kudandia. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka kiwanja cha ndege kifanye zoezi kamili la dharura kila baada ya muda usiozidi miaka 2, au 3 kwa kiwanja kinachofanya mazoezi ya sehemu sehemu katikati. Mwenye viwanja vya Mtwara na Lindi karibu naye aulize lini, kisha aombe matabibu wake waingizwe kwenye orodha. Bandari na mitambo ya gesi nao wana mazoezi yao ya moto. Magari, zimamoto na barua za vibali vinakuwa vimeshalipiwa na mwingine.

Ijumaa imefika, uandike nini

Kama fungu ni dogo sana, weka mikanda ya mazoezi, gozi nyingi, mdoli mmoja wa kawaida wa kufufulia, mafuta ya gari, na posho ya majeruhi wa kuigiza. Posho hiyo usiikate. Kijana aliyelala kwenye jua saa mbili kwa ajili ya wenzake amefanya kazi. Mbuzi weka chini ya vifaa vya kufundishia na uambatishe maelezo, la sivyo mhasibu atadhani ni kitoweo.

Fungu likiwa la kati, ongeza sehemu za mwili za kufundishia kitendo kimoja kimoja: mkono wa kutafutia mshipa, kifua cha kuchoma sindano, kichwa cha njia ya hewa. Hizi hazina umeme, zinavumilia, na kipande kinachochakaa kinabadilishwa peke yake. Miwani ya uhalisia pepe ije hapa, miwili tu, kwa ajili ya kufundishia kuchagua majeruhi siku za mvua.

Mdoli wa kompyuta ninauweka mwisho, na kwa sharti kwamba uwe wa pamoja: ukae kwenye chuo au hospitali moja, vikosi na wauguzi wa kiraia wauendee kwa zamu. Muuzaji akija, kabla hajafungua sanduku muulize nani atautengeneza ukiharibika na yuko mji gani, ngozi ya akiba inachukua muda gani kufika Mtwara, betri inadumu saa ngapi bila umeme, na kama leseni ikiisha mdoli unaendelea kupumua au unakata roho siku hiyohiyo. Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Halafu mwombe auache nje kivulini kuanzia saa nne hadi saa tisa, ndipo mwanze kuujaribu.